Slaidi Ishirini na Tano za Lyle

Ukitaka kumjua Wendell Sprague, mtazame akishika slaidi, ile picha ndogo ya filamu inayorushwa ukutani kwa taa. Haishiki katikati kama wewe na mimi tunavyoshika kipande cha mkate. Anaibana pembeni kwa kucha mbili, kwenye ile fremu ya karatasi ngumu, na kabla hajaiangalia picha yenyewe anasoma muhuri uliogongwa kwenye fremu: mwezi na mwaka filamu iliposafishwa. "Picha inaweza kukudanganya," huwaambia wageni wa makumbusho, "muhuri haudanganyi." Kwa miaka mingi alikuwa akiisema sentensi hiyo kidevu kikiwa juu. Ngoja tu, itamrudia.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja ndani ya kiwanda cha zamani cha jibini pale Harrow Creek, kaskazini mwa jimbo la New York, mji ambao hadi leo ng'ombe ni wengi kuliko watu. Lakini Agosti ya mwaka 1969, kwa siku tatu, vijana elfu themanini walimiminika kwenye malisho ya mzee Pruitt kusikiliza muziki wa roki, mvua ikawanyeshea, matope yakawafika magotini, na dunia ikaujua mji. Wendell alikuwepo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, tumbo limegandana na jukwaa, na siku zile tatu hazikumtoka tena. Alisomesha kemia shule ya sekondari ya hapo miaka thelathini, akastaafu, na kila mtu mjini akaendelea kumwita Mwalimu. Kazi yake ya kweli, hata alipokuwa na chaki mkononi, ilikuwa kukusanya slaidi za tamasha.

Ukusanyaji una kanuni zake, naye ndiye aliyekuwa sheikh wa kanuni. Nakala hazitakiwi, inatakiwa ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera siku ile. Fremu haifunguliwi. Slaidi ya asili haikai kwenye taa ya projekta zaidi ya nusu dakika, maana taa huila rangi, na rangi ikishaliwa hairudi. Na ya mwisho, ambayo haijaandikwa popote ila wakusanyaji wote wanaifuata: jukwaa weka, watu tupa. Kila nyumba ya bonde lile ina boksi la slaidi darini, na katika kila boksi nyingi ni mahema, matope na migongo. Nani ana kabati la kuhifadhi migongo ya watu elfu themanini?

Ijumaa moja ya mwezi wa Mei simu ililia. Alikuwa Corinne, mjukuu wa Bi Verna Hotchkiss, muuguzi wa hospitali ya mji wa jirani.

"Mwalimu, Jumapili bibi anatimiza themanini na saba," alisema, furaha tupu. "Na nimempatia zawadi. Nimepata balbu ya ile projekta yao ya zamani! Tutaziangalia slaidi za mjomba Lyle. Bibi anasema bila wewe hawashi kitu."

"Za Lyle?" Wendell aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Si zile ulizomrudishia? Zimekaa kwenye kabati miaka minane hajazigusa. Sasa anasema moyo umekubali. Njoo saa tisa, kuna pai ya tufaha."

Wendell alisema atakuja. Akaweka simu chini, akaketi kwenye ngazi za nyumba yake na kofia kichwani, akahisi uso unamchoma hadi masikioni, hali hakuna aliyekuwa anamtazama.

Kosa lenyewe, lilipotendeka, lilikuwa dogo. Miaka minane nyuma Bi Verna alimwita, akampa boksi dogo la njano. Ndani mlikuwa na slaidi thelathini na sita za mwanawe Lyle, filamu moja nzima, aliyoipiga kwenye tamasha akiwa na miaka kumi na tisa. Miezi mitatu baadaye Lyle alipelekwa Vietnam, na Machi ya mwaka 1970 akarudishwa ndani ya sanduku. Bi Verna hakuwahi kuziangalia picha zile. Darini zilikaa, darini akaziacha.

"Za wanamuziki chukua, Mwalimu, hao si wangu," alimwambia siku ile. "Za watu nirudishie. Siku nikipata moyo nitaziangalia."

Maneno mepesi hayo, mtoto wa darasa la pili angeyashika. Wendell naye aliyashika, akayabeba mpaka nyumbani, akayaweka chini pamoja na mabuti. Siku hiyohiyo alikuwa amepewa maboksi mengine mawili. Akawasha meza yake ya taa, ile ya kioo ya kuangalizia slaidi, akamimina kahawa, akafungulia redio, mkono ukaanza safari yake ya miaka yote. Jukwaa, kushoto. Watu, pipani. Jukwaa, kushoto. Watu, watu, watu, pipani. Alipofika kwenye boksi la Lyle alipata kumi na moja za jukwaani, na kumi na moja za namna gani! Kijana alikuwa amejipenyeza mpaka miguuni pa wanamuziki. Moja ilikuwa ya mwimbaji wa kike, kichwa nyuma, mdomo wazi, matone ya mvua yanang'aa hewani mbele ya uso wake. Wendell alipiga ukelele peke yake chumbani. Zile ishirini na tano nyingine zilikwenda juu ya machicha ya kahawa, na Alhamisi gari la taka likapita.

Jumatatu Bi Verna akapiga simu. "Zangu za watu utaniletea lini?"

Loo! Alikwenda jalalani mbio, akasimama mbele ya mlima wa takataka, tingatinga linausukuma huku na huku. Alisimama dakika kumi. Akarudi. Hapo ndipo angesema. Bi Verna angelia, angemtukana, angemfukuza, na yangekwisha. Badala yake akachukua boksi la kinyozi mmoja wa mji wa pili, marehemu asiye na ndugu, lililokuwa bado halijachambuliwa, akahesabu migongo na matope ishirini na tano, akayapanga ndani ya boksi la Lyle. Ni tamasha hilohilo, alijiambia. Mvua hiyohiyo. Kikongwe mwenyewe haziangalii. Na kwa haraka aliyokuwa nayo, yeye Wendell Sprague, bwana wa mihuri, hakusoma muhuri.

Bi Verna alipolipokea boksi alimshukuru, akampa pai akale nyumbani. Tangu siku hiyo Wendell akimwona dukani kwenye safu ya unga, yeye hukumbuka ghafla kwamba alikuwa anatafuta sabuni.

Jumapili saa tisa mapazia yalikuwa yameshafungwa na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Bi Verna alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono, amevaa gauni la kanisani, nywele amezichana.

"Mwalimu, mbona umekonda hivyo?" alimpokea. "Unakula chakula au unaramba slaidi?"

"Nakula, Bi Verna. Heri ya kuzaliwa."

"Heri imeshapita, imebaki siku. Kaa hapo karibu na mashine, wewe ndiye fundi. Corinne, mpe kahawa kabla hajazimia."

Wendell akaketi, akashika kibonyezo. Picha ya kwanza ikaruka ukutani: mahema, moshi. Ya pili: wasichana wawili wanaosha nywele kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Bi Verna akapiga paja lake.

"Birika la Pruitt hilo! Ng'ombe walilikataa wiki nzima kwa harufu ya sabuni. Ona wanavyocheka, washenzi wale, ona! Lyle wangu alikuwa na jicho, siyo, Mwalimu?"

"Alikuwa nalo," alisema Wendell. Kinyozi ndiye aliyekuwa nalo, Mungu amrehemu. Kila picha iliyopita Bi Verna aliisifu, akamtafutia Lyle sababu ya kuipiga, na kila sifa ilimpata Wendell chini ya mbavu.

Ya kumi na tisa ilikuwa mgongo. Kijana mwenye nywele za kujisokota, shati la buluu limelowa, mikono juu.

"Simamisha," Bi Verna alisema.

Kidole chake kilielekea ukutani.

"Ndiye."

"Bibi," Corinne akasema taratibu, "mpiga picha ni mjomba mwenyewe. Atajipigaje mgongo?"

"Usinifundishe mwanangu. Alimpa msichana mmoja kamera ampige. Aliniambia kwa kinywa chake, mezani, usiku aliporudi. Alikuwa amekalia debe letu la maziwa, lile lenye jina la shamba."

"Hapa debe silioni."

"Debe liko chini yake, utalionaje na picha imeishia mgongoni?" Akainuka nusu, akanyoosha shingo. "Mabega hayo. Mabega ya kaka zangu hayo. Lyle, mwanangu, geuka basi."

Wendell alitua kikombe chini. Alibonyeza, picha ikaondoka.

"Ebo! Nani kakwambia uitoe?"

"Nusu dakika, Bi Verna. Taa inakula rangi."

"Wewe na nusu dakika zako! Miaka karibu hamsini nimekaa bila kumwona, wewe unanihesabia nusu dakika."

Corinne alikuwa ameitoa slaidi iliyofuata kwenye trei, anaigeuzageuza karibu na taa ya meza. "Mwalimu, huu ndio ule muhuri wako?" aliuliza. "Umeandikwa Mei sabini."

Akatoa nyingine, ilikuwa vilevile.

"Mjomba Lyle alikufa Machi," Corinne akaendelea, sauti imeshuka. "Sasa nani aliyepeleka filamu ikasafishwe Mei?"

Kinyozi, bila shaka. Mtu wa kuahirisha mambo, aliyeiacha filamu ndani ya kamera kipupwe kizima mpaka ikaisha. Wendell alilijua jibu kabla swali halijaisha. Zile kumi na moja za Lyle zilizokuwa makumbusho zilikuwa na muhuri wa Septemba 1969, alizisoma mara mia.

"Na zile za makumbusho?" Corinne alimgeukia. "Zina muhuri gani?"

Hapa alipewa mlango wa kusema kweli kwa mara ya pili, wazi kabisa, mtu kaushikilia anasubiri apite.

"Huohuo," alisema Wendell. "Mei."

Bi Verna alikuwa ameweka mkono mdomoni. Aliuondoa polepole. "Orrin," alisema. "Ni Orrin."

Orrin alikuwa mumewe, amekufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Mji mzima uliijua habari yao. Lyle alitoroka siku tatu kwenda tamashani, akamwachia baba yake ng'ombe hamsini wa kukamua peke yake. Na wakati ule kijana anayehitajika shambani alikuwa anaweza kusamehewa jeshi, ilitosha baba yake atie sahihi karatasi. Karatasi ilipokuja, Orrin, hasira bado zinamchemka, aliisukuma pembeni. "Aende. Huko watamfundisha kuamka." Bi Verna aliishi na mtu huyo miaka ishirini na mitano zaidi, akampikia, akamfulia, akamzika, na hajakanyaga kaburini kwake tangu siku ya mazishi.

"Aliikuta kamera," alisema sasa, machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. "Baada ya mazishi ya mtoto. Akaipeleka mwenyewe. Akaziangalia peke yake, akaziweka darini, asiniambie. Mzee yule! Alikuwa anaumia na mimi nikidhani ni gogo. Corinne, nimemwonea. Nimemwonea babu yako miaka yote hii."

"Bibi, usilie."

"Niache nilie, nimechelewa. Kesho utanipeleka makaburini. Sijampelekea hata jani." Akamgeukia Wendell, uso umelainika, ukawa wa mtu mwingine. "Na wewe, Mwalimu. Pale chini ya ile picha kubwa ya mwimbaji, ongeza maneno. Andika filamu hii ilisafishwa na Orrin Hotchkiss, baba yake. Watu wasome."

Wendell alikuwa na kipande cha pai mdomoni. Alikimeza.

"Nitaandika," alisema.

Jumatatu makumbusho hufungwa. Alikaa kwenye dawati lake mbele ya kadi nyeupe, kalamu mkononi, na mbele yake ukutani ile picha kubwa iliyochapishwa kutoka kwenye slaidi ya Lyle: mwimbaji, mvua, mdomo wazi. Chini yake kwa herufi kubwa, Mkusanyo wa Wendell Sprague. Chini ya hapo, kwa herufi za kutafutia miwani, jina la Lyle. Hakuwahi kuona ubaya wa mpangilio ule mpaka asubuhi hiyo.

Aliandika, "Filamu hii ilisafishwa na." Akaichana kadi. Akachukua nyingine. Alijiambia kwamba kusema ukweli sasa ni ukatili, kikongwe amepata amani na mumewe, nani amnyang'anye? Maneno mazuri. Yangempendeza hata padri. Lakini alikuwa mtu mzima, na moyoni alijua kwamba huruma ile aliivaa juu, kama koti. Ndani alichokuwa anaogopa ni mji. Aliogopa Corinne, aliogopa mtu wa duka, aliogopa wanafunzi wake wa zamani waliokuwa sasa wazee, wakisema: Mwalimu Sprague alitupa picha za marehemu pipani, akampa mama mtu picha za kinyozi. La kuvunda halina ubani. Alizichana kadi sita, akavisomba vipande, na alipoinama kuvitia ndani ya pipa la takataka mkono wake ukasita. Pipa lilikuwa lilelile la nyumbani, alilolihamishia makumbusho.

Jumanne asubuhi alizitoa slaidi kumi na moja kabatini, akazitia kwenye boksi, akaenda.

Bi Verna alikuwa peke yake jikoni, anakuna udongo kwenye kucha kwa brashi. Mbele yake sufuria ya uji wa oti inapoa. "Njoo ndani, njoo. Umeniletea kadi nione? Jana tumepanda maua, Mwalimu, mekundu, yale ya chungu. Nilipiga magoti, na magoti yangu haya! Corinne ilibidi aniinue kama ndama. Nikamwomba radhi Orrin kwa sauti. Wazoa majani walidhani nimechanganyikiwa."

"Bi Verna, keti."

"Nimeketi. Wewe ndiye umesimama."

Alikuwa amesimama kweli. Hakuketi. Akasema yote, kwa mpangilio mbaya: jalala kwanza, halafu pipa, halafu kinyozi, halafu muhuri, na Septemba, na kwamba aliposema Mei alisema uongo akijua. Hakusema alikuwa na haraka. Alitaka kusema, ulimi ukakataa.

"Basi yule mgongo," Bi Verna alisema.

"Si yeye."

"Nimelala nikimwota siku mbili. Nimeona mabega ya kaka zangu."

"Sijui ni nani, Bi Verna. Nisamehe."

"Na Orrin."

"Lyle alizipeleka mwenyewe. Septemba. Mzee Orrin hakuzigusa."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Nilimwomba radhi," alisema. "Mimi, kwake. Umeniacha nikapige magoti." Akaitazama ile brashi, akaiweka chini. "Ungekuwa mwanangu ningekuchapa. Kwa umri huohuo ulio nao ningekuchapa."

Wendell alitamani amchape.

"Sasa niambie kitu kimoja," akasema Bi Verna. "Wewe uliziona. Kabla hujazitupa, ulizishika moja moja, ukazitazama na kile kioo chako cha kukuzia. Wewe peke yako duniani uliziona. Ile ya kwenye debe la maziwa ilikuwepo?"

"Sijui."

"Kijana amekalia debe. Amejaa matope. Mtoto wangu. Alikuwa anacheka?"

Alikuwa ameegemea mbele, mikono miwili juu ya meza, uso mzima unamwomba. Na hapa tumuelewe Wendell, maana neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Alikuwa anacheka, Bi Verna, meno yote nje. Nani angemkosoa? Lingekuwa ndilo tamu kuliko yote aliyowahi kumpa mtu. Alilitafuta kweli, si kwa kulitunga. Alifumba macho akarudi kwenye meza ya taa, kwenye redio, kwenye kahawa. Aliweza kuzikumbuka zile kumi na moja zote, hesabu ya nyuzi za kila gitaa, rangi ya kila mkanda. Baada ya hapo ulikuwa weupe mtupu.

"Sikumbuki," alisema. "Sikumtazama. Nilikuwa natafuta magitaa."

Bi Verna alirudi nyuma kwenye kiti. Hakulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa ameshauzoea, kapewa tu mzigo mwingine juu yake.

"Hilo angalau ni la kweli," alisema. "Hizo ulizobeba ni zipi?"

"Zake. Kumi na moja. Nimekurudishia."

"Nilisema si zangu. Nilidhani nitapata zangu." Akashika ukingo wa meza, akainuka. "Haya, washa. Shuka bado liko."

Wakaenda sebuleni. Wendell akafunga mapazia, jua la asubuhi likabaki mistari miwili sakafuni. Akaziweka moja moja. Mpiga ngoma. Mpiga gitaa amepiga goti. Bi Verna alizitazama kama mtu anayetazama wageni wa jirani, mpaka ilipofika ile ya mwimbaji.

"Hii naijua. Ndiyo ile kubwa ya makumbusho."

"Ndiyo."

"Mbona hii pana zaidi? Hicho nini pale chini, kwenye kona?"

Kwenye kona ya kushoto palikuwa na kitu chekundu, cha mviringo, kimefifia, kikubwa kuliko kichwa cha mwimbaji. Wendell alikifahamu vizuri mno. Alihangaika nacho siku mbili alipokuwa anaichapisha ile picha ya ukutani.

"Ni kidole," alisema. "Kimeingia mbele ya lenzi. Wapiga picha wanaoanza huwa..." Akasita.

"Kidole cha nani?"

Bi Verna alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye shuka, kiti kwa kiti, mkono ukishika migongo ya viti.

"Kule makumbusho hakipo," alisema bila kugeuka.

"Nilikikata."

"Ulikikata."

"Kilikuwa kinaharibu picha, Bi Verna."

Alifika. Kivuli chake kikamfunika mwimbaji, mvua na jukwaa lote; ikabaki kona ile nyekundu tu, kwenye shuka kando yake. Aliuinua mkono wake wenye udongo kwenye kucha, akauweka juu ya kile kidole, kiganja chote, akatulia hivyo.

Nusu dakika ikapita. Mkono wa Wendell ulikwenda wenyewe kwenye kibonyezo, mazoea ya miaka arobaini.

"Usithubutu," alisema Bi Verna.

Wendell akauondoa mkono, akauweka juu ya goti. Dakika ikapita, na nyingine, projekta inavuma, joto lake linamjia usoni. Wendell aliijua kemia yake. Alijua ni rangi gani hutangulia kwenda. Alikaa palepale kwenye kiti, kichwa chini, akaiacha taa iwake mpaka mama mtu atakapotosheka.